Dk. Omar Ali Juma: Waziri Kiongozi aliyetembea na mwana wa Masasi

Na Mwandishi Wetu, Ndanda

HAPA Ndanda na katika vijiji vya Masasi, jina la Rais wa Awamu ya Tatu, Benjamin Mkapa, halihitaji utambulisho. Alizaliwa Lupaso mwaka 1938, akapitia shule ya Ndanda, na Julai 2020 akarudishwa Lupaso kuzikwa. Lakini katika chaguzi za 1995 na 2000 Mkapa hakusimama peke yake. Ubavuni mwake alikuwapo mgombea mwenza kutoka Pemba, Dk. Omar Ali Juma, ambaye vijana wengi wa leo hawamfahamu.

Dk. Omar alizaliwa mwaka 1941 kisiwani Pemba. Kitaaluma alikuwa daktari wa mifugo, na kutoka katika utumishi wa Serikali ya Mapinduzi Zanzibar (SMZ) alipanda hadi kwenye siasa za juu za Visiwani.

Januari 1988 aliteuliwa kuwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar. Cheo hicho kilianzishwa mwaka 1983. Aliyekishika ndiye aliyekuwa mkuu wa mawaziri wote, mshauri mkuu wa Rais wa Zanzibar na msimamizi wa shughuli za Serikali ndani ya Baraza la Wawakilishi. Hata hivyo, heshima yote hiyo ilitegemea imani ya Rais, kwa kuwa yeye ndiye aliyeteua na yeye ndiye aliyeweza kutengua.

Ukweli huo ulionekana siku zile zile. Mtangulizi wake, Maalim Seif Sharif Hamad, naye mzaliwa wa Pemba, alikuwa ameondolewa madarakani na Rais Idris Abdul Wakil. Miezi michache baadaye Maalim Seif na wenzake walifukuzwa Chama Cha Mapinduzi (CCM), na Wapemba wengi waliliona tukio hilo kama pigo kwa kisiwa chao. Dk. Omar alikalia kiti hicho huku nyumbani kwao kukiwa na uchungu, na huku Unguja ikimtazama kama atakuwa mtiifu.

Alikaa nacho karibu miaka minane, chini ya Rais Wakil na baadaye Dk. Salmin Amour. Ni katika kipindi hicho mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992, na Zanzibar ikajiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu (OIC) mwishoni mwa mwaka huo, kisha ikajitoa mwaka 1993 baada ya mvutano mkali ndani ya Muungano.

Mwaka 1995 Mkapa alipoteuliwa kugombea urais, Dk. Omar akawa mgombea mwenza wake. Utaratibu huo ulikuwa mpya. Awali, Rais wa Zanzibar alikuwa pia mmoja wa Makamu wawili wa Rais wa Muungano. Marekebisho ya Katiba yaliiondoa nafasi hiyo mikononi mwake, na Wazanzibari wengi walinung'unika kwamba wamepunguziwa hadhi. Dk. Omar ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia katika nafasi iliyozaliwa na manung'uniko hayo, na akaapishwa Novemba 1995.

Mtihani mkubwa ulikuja Januari 2001. Maandamano ya wafuasi wa Chama cha Wananchi (CUF) ya kupinga matokeo ya uchaguzi wa 2000 yalikutana na risasi za polisi. Watu zaidi ya 20 waliuawa, wengi wao Pemba, na wengine zaidi ya 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Makamu wa Rais wa nchi alikuwa mtoto wa kisiwa kile kile kilichokuwa kikilia.

Dk. Omar hakuuona mwisho wa jambo hilo. Julai 4, 2001 alifariki dunia ghafla jijini Dar es Salaam, akiwa na umri wa miaka 60, akazikwa Wawi, Chake Chake. Miezi mitatu baadaye, Oktoba 10, CCM na CUF walitia saini Muafaka. Nafasi yake ilichukuliwa na Mpemba mwingine, Dk. Ali Mohamed Shein.

Cheo cha Waziri Kiongozi nacho kilifikia mwisho mwaka 2010, Katiba ya Zanzibar iliporekebishwa ili kuruhusu Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Kazi zake nyingi zilihamia kwa Makamu wa Pili wa Rais, na Maalim Seif, aliyeondolewa mwaka 1988, akarudi Serikalini akiwa Makamu wa Kwanza chini ya Rais Shein.

Leo kaburi moja lipo Lupaso na jingine lipo Wawi. Wanaolizuru la kwanza wanayo sababu ya kulikumbuka na la pili.