Maria Montessori: Daktari Aliyewatazama Watoto Waliofichwa

Maria Montessori alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 huko Chiaravalle, nchini Italia. Mwaka 1896 alihitimu masomo ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Roma, wakati ambapo wanawake wenye taaluma hiyo nchini mwake walikuwa wachache mno. Waamini wengi wanalifahamu jina lake kutokana na shule za awali, zikiwemo zile zinazoendeshwa na masista nchini Tanzania. Ni wachache wanaofahamu kwamba chimbuko la malezi hayo ni watoto ambao jamii ilikuwa imewakatia tamaa.

Akiwa daktari kijana, alihudumu katika kliniki ya magonjwa ya akili ya Chuo Kikuu hicho, na kazi hiyo ikamfikisha kwenye hospitali za wagonjwa wa akili jijini Roma. Humo aliwakuta watoto wenye ulemavu wa akili wakiwa wamefungiwa pamoja na watu wazima. Inasimuliwa kwamba mhudumu mmoja aliwalaumu kwa kugombania makombo ya mkate sakafuni baada ya kula. Maria alikitazama chumba kile, akaona kwamba hakikuwa na kitu kingine chochote cha kushika wala cha kuchezea. Akatambua kwamba watoto wale walikuwa na njaa ya kujifunza.

Alisoma kwa bidii maandishi ya madaktari wawili Wafaransa, Jean Itard na Édouard Séguin, waliowafundisha watoto wa namna hiyo kwa kuiamsha milango yao ya fahamu. Mwaka 1898, katika kongamano la walimu mjini Torino, alitetea hoja kwamba watoto hao wanahitaji elimu zaidi ya dawa. Mwaka 1900 alikabidhiwa, pamoja na daktari mwenzake Giuseppe Montesano, uongozi wa taasisi mpya ya kuwaandaa walimu wao. Alishinda na watoto hao kutwa nzima, akiwafundisha na kuwachunguza. Baadhi yao walijua kusoma na kuandika, wakafaulu mitihani ya shule za kawaida.

Tarehe 6 Januari 1907, siku ya Tokeo la Bwana, ilifunguliwa Nyumba ya Watoto katika mtaa wa kimaskini wa San Lorenzo, Roma. Katika utaratibu aliouweka, kimo cha mtoto kilipimwa kila mwezi na uzito kila juma, na kila mtoto alikuwa na kumbukumbu zake. Ili kupima usikivu wao, aliwaomba wanyamaze kabisa, kisha akawaita majina mmoja mmoja kwa kunong'ona kutoka mbali. Aliyesikia jina lake alinyanyuka na kumwendea kwa kunyata. Zoezi hilo la kitabibu liliwafurahisha watoto kiasi kwamba likawa sehemu ya malezi yao.

Maria Montessori aliaga dunia tarehe 6 Mei 1952 huko Noordwijk, Uholanzi, na kuzikwa katika makaburi ya Wakatoliki mjini humo.

Maisha yake yanatukumbusha wajibu wa kumtazama mtoto mapema na kwa makini. Mtoto asiyegeuka anaposikia sauti, asiyetembea akiwa na miezi 18, au anayepoteza maneno aliyokwisha kuyajua, apelekwe kliniki bila kungoja. Wapo wazazi wanaoogopa kipimo wakidhani ni hukumu, wakamficha mtoto ndani kwa hofu ya maneno ya majirani. Miaka inayopotea hivyo ndiyo ile ambayo mtoto angefaidika zaidi kwa msaada. Kwa Maria, kumpima mtoto kulikuwa hatua ya kwanza ya kumfundisha. Parokia inayomkaribisha mtoto huyo pamoja na mama yake, bila minong'ono wala lawama, inawarahisishia wazazi hatua hiyo.