Abu al-Ala al-Maarri, mshairi aliyeacha nyama

Idi ikifika na shuwa ikatolewa shimoni, mgeni akisema hali nyama huulizwa kwanza kama anaumwa. Akitaja sukari au presha, watu humwelewa. Akisema anamwonea huruma mnyama, hapo mazungumzo huwa mengine. Suali hilo aliulizwa Abu al-Ala al-Maarri karibu miaka elfu iliyopita, na akalijibu kwa maandishi.

Alizaliwa mwaka 363 Hijria (973) katika mji wa Maarrat al-Nuuman, kusini ya Halab, nchini Sham. Akiwa na umri wa miaka minne hivi alipata ndui, akapofuka. Elimu yake yote ya lugha na mashairi aliipata kwa kusikia na kuhifadhi. Mwaka 1008 alikwenda Baghdad, akakaa kiasi cha mwaka mmoja na nusu, kisha akarudi kumwahi mama yake mgonjwa. Hakumwahi. Tokea hapo alijifungia nyumbani akajiita mfungwa wa vifungo viwili, upofu na nyumba. Wanafunzi walimfuata huko huko.

Chakula chake kilikuwa adesi, na kitamutamu chake tini. Hakula nyama, wala samaki, wala mayai, wala maziwa, hata asali. Kwake yeye maziwa yalikuwa haki ya ndama, na nyuki alijichumia asali kwa ajili yake mwenyewe.

Uzeeni aliandikiwa barua na al-Muayyad al-Shirazi, mkuu wa madai wa dola ya Fatimi, bingwa wa mijadala. Mungu ameumba mimea iliwe na wanyama, na wanyama waliwe na binaadamu. Vipi basi kiumbe atake kumpita Muumba wake kwa huruma? Lilikuwa suali la hatari, kwani jibu baya lingeweza kuhesabiwa kufuru.

Al-Maarri hakusema nyama ni haramu. Alieleza namna kondoo anavyoteseka akichinjiwa mwanawe, na kwamba wachamungu tokea zamani wameacha baadhi ya vitu vya halali. Mwenyewe alipofika miaka 30 alimwomba Mungu amjaalie kufunga siku zote isipokuwa Idi mbili. Tena, akasema, pato lake ni dinari ishirini na kitu kwa mwaka, na mtumishi wake huchukua sehemu.

Al-Muayyad akaishika hiyo ya mwisho: basi amiri wa Halab ataombwa amtengee riziki ya kutosha, ale vizuri. Al-Maarri akakataa. Kwa maoni yangu umasikini ulikuwa ngao tu. Msafiri Nasir Khusraw, aliyepita mjini hapo mwaka 1047, alimweleza kuwa ni mkubwa wa mji mwenye mali, lakini anavaa nguo nzito ya sufi na kula mkate wa shayiri.

Inahadithiwa kwamba alipougua, tabibu alimwandikia kuku. Alipoletewa alimpapasa, kisha akamwambia kuku kuwa ameandikwa yeye kwa sababu ya unyonge wake. Mtoto wa simba mbona hakuandikwa? Hakumla.

Alifariki mwaka 449 Hijria (1057). Mwaka 1098 Wapiganaji wa Msalaba waliuteka mji wake, na waandishi wao wenyewe wameandika kwamba njaa iliwafikisha baadhi yao kula nyama ya maiti.