Blaise Pascal na Breki za Motokaa

Wenzangu wanafunzi, nanyi wakubwa wetu mliomaliza masomo hapa, napenda kuwasimulia habari za maisha ya Blaise Pascal, Mfaransa aliyefariki zaidi ya miaka 360 iliyopita. Wengi wetu twalijua jina lake katika somo la fizikia tu. Twalikariri kwa ajili ya mtihani, kisha twalisahau. Lakini motokaa zinazoteremka kutoka vilima vya Bigogwe kuja ziwani kwetu husimama kwa kanuni aliyoieleza yeye, na fundi asiyeijali huhatarisha roho za watu.

Pascal alizaliwa tarehe 19 Juni 1623 katika mji wa Clermont. Mama yake alifariki yeye angali mtoto wa miaka mitatu. Baba yake, Étienne, aliyekuwa hakimu wa mambo ya kodi, aliwahamishia watoto wake Paris mwaka 1631, akamfundisha mwanawe nyumbani. Hakutaka mtoto aanze hesabu mapema, asije akaziacha lugha za Kilatini na Kiyunani. Dada yake Gilberte, aliyeandika habari za maisha yake, asimulia kwamba alipokuwa na miaka 12 alikutwa akichora maumbo sakafuni kwa makaa, akijitafutia mwenyewe kanuni za pembetatu. Tangu hapo baba alimwachia vitabu.

Akiwa na miaka kama 19, umri wangu mimi niandikaye, alianza kuunda mashine ya kujumlisha na kutoa, ili kumpunguzia baba yake kazi ya kukokotoa kodi katika mji wa Rouen. Hakuipata mara moja. Aliunda mifano ipatayo 50 kabla ya kuridhika. Hapa naona ya kuwa Pascal hakuwa mtu wa vitabu tu. Alishika vyuma, akakaa na mafundi, akavumilia kazi iliyoharibika.

Baadaye alipata habari za Torricelli, Mwitalia aliyejaza zebaki katika bomba la kioo na kulisimamisha kichwa chini ndani ya bakuli. Zebaki ilishuka kidogo, kisha ikasimama. Pascal aliwaza kwamba inashikiliwa na uzito wa hewa, na kama ndivyo, juu ya mlima ingesimama chini zaidi. Basi alimwomba shemeji yake, Florin Périer, aupande mlima wa Puy de Dôme karibu na Clermont. Tarehe 19 Septemba 1648 Périer alifanya hivyo. Mjini zebaki ilisimama karibu sentimita 71. Kileleni haikufika hata 63. Wasomaji wa Nyamyumba watapenda kujua kwamba kilele kile kina kimo cha mita 1,465, na uso wa Ziwa Kivu uko karibu mita 1,460 juu ya bahari. Sisi tukioga ufukweni tuko juu karibu sawa na Périer alipomaliza kupanda mlima wake!

Kutoka uzito wa hewa Pascal aliendelea kuchunguza maji. Alieleza kwamba ukisukuma maji yaliyofungiwa chomboni, msukumo ule huenea kila upande kwa kiasi kile kile. Chombo kikiwa na matundu mawili, moja kubwa mara 100 kuliko jingine, na kila moja likizibwa kwa kizibo, mtu mmoja akisukuma kizibo kidogo atawazuia watu 100 wanaosukuma kile kikubwa.

Afya yake ilikuwa dhaifu tangu ujana. Mwezi Novemba 1654 moyo wake uligeuka, akajitoa zaidi kwa mambo ya dini. Hata hivyo hakuacha kuwaza juu ya watu wa kawaida. Machi 1662, kwa shauri lake, yalianza Paris magari ya farasi yaliyopita njia maalumu kwa nauli ya sol 5, mfano wa mabasi ya leo. Tarehe 19 Agosti mwaka ule ule alifariki, akiwa na miaka 39. Kitabu chake juu ya maji na hewa kilichapwa mwaka 1663, mwandishi akiwa kaburini.

Kanuni ile ilingoja. Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah alipata hataza ya mashine ya kugandamiza kwa maji, na mwaka 1917 Mmarekani Malcolm Loughead alipata hataza ya breki zinazosukumwa kwa mafuta badala ya kuvutwa kwa vyuma na kamba.

Likizo iliyopita nilimsaidia fundi mmoja hapa Nyamyumba kufunga upya breki za pikapu ya zamani ibebayo vitunguu na karoti. Paipu zake zilikuwa zimeliwa na kutu. Mwenye gari, akiogopa gharama, alitaka tukate kipande kibovu tu na kuunga kwa mpira na kibano. Fundi alikataa katakata, akasema afadhali aikose kazi hiyo. Gari lile lilikuwa na njia moja tu ya mafuta kwa magurudumu yote manne. Msukumo ukienea sawa kila mahali, hufika pia mahali palipo dhaifu. Kiungo kimoja kikiachia, magurudumu yote hukosa breki. Magari ya baadaye yana njia mbili zilizotengana.

Basi fundi alikata paipu mpya, akavisha nati kwanza, ndipo akapanua mdomo wa paipu na kuukunja mara mbili usipasuke. Alizipitisha paipu mbali na ekzosi, akazibana kwenye fremu zisitikisike. Kila nati aliianza kwa vidole, kisha akashika spana. Baada ya hapo tulitoa upepo, kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Mimi nilikanyaga pedeli, yeye alifungua na kufunga niple. Mwanzoni pedeli ilikuwa laini kama sifongo, kwa sababu hewa hubonyea, na nguvu ya mguu huishia humo. Mapovu yalipokwisha, pedeli ikawa ngumu.

Hakuishia hapo. Aliniambia niendelee kukanyaga kwa nguvu, naye akapitisha kitambaa kikavu kwenye kila kiungo. Kimoja cha nyuma kushoto kilitoa unyevu kidogo. Alikifungua, akakata mdomo ule, akautengeneza upya, nasi tukatoa upepo mara ya pili. Mwenye gari alilipa akinung'unika, akapakia mizigo yake na vijana wawili juu, akaenda zake.

Sijui kama fundi yule amewahi kulisikia jina la Pascal. Lakini aliitii kanuni yake kuliko wengi wetu tuliopata alama nzuri kwa kuiandika. Wenzangu, tukiingia darasani tuikumbuke pikapu ile na vijana wale wawili juu ya vitunguu.