ZAID BIN THABIT, MWANDISHI WA WAHYI

Zaid bin Thabit (R.A.) alikuwa katika Ansari wa Madina, wa ukoo wa Bani Najjar. Baba yake aliuawa katika vita vya Bu'ath naye angali mtoto wa miaka 6, na Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina mwaka 622 Zaid alikuwa na miaka 11, amekwisha hifadhi sura 17. Siku ya Badri alirudishwa kwa udogo wake. Basi aliyenyimwa upanga akapewa kalamu: Mtume alimwamrisha ajifunze maandishi ya Mayahudi, akayajua kwa muda wa nusu mwezi, akawa ndiye msomaji wa barua zao na mwenye kuwajibu. Kisha akawa katika waandishi wa wahyi.

Mtume alipofariki, Kurani yote ilikuwa imehifadhiwa vifuani na kuandikwa, lakini haikuwa imekusanywa mahali pamoja. Katika ukhalifa wa Sayyidna Abubakar vikatokea vita vya Yamama, wakafa mahafidhi wengi. Sayyidna Umar akaona khatari iliyoko, akamshauri Khalifa ikusanywe. Abubakar alisita kwanza, kisha akakubali, akamwita Zaid. Kwani alikuwa kijana mwenye akili, asiyetuhumiwa kwa lolote. Zaid naye akasita. Aliona lau angaliambiwa auhamishe mlima, ingalikuwa kazi nyepesi kuliko ile.

Na hapa pana jambo la kuzingatiwa sana. Zaid mwenyewe alikuwa hafidhi. Angaliweza kuketi nyumbani kwake akaandika yaliyomo kifuani mwake, na pengine watu wangaliyapokea. Hakufanya hivyo. Aliketi pamoja na Umar mlangoni mwa msikiti, ikatangazwa kwamba kila aliye na kitu alichokiandika mbele ya Mtume akilete. Wala hakikupokewa kitu ila kwa mashahidi wawili. Huyu akaja na kipande cha ngozi, huyu na mfupa wa bega, huyu na kijiwe chembamba, huyu na kigogo cha kuti la mtende; na asiye na maandishi akaleta hifadhi yake. Kazi aliyotwikwa mtu mmoja ikawa ya mji mzima. Hata mwisho wa Sura ya Tawba, ambao Zaid alikuwa akiujua, aliutafuta mpaka akaupata kwa Abu Khuzaima Al-Ansari. Asiyejua thamani ya amana ataiona hiyo ni tabu ya bure.

Sahifa zile zikakaa kwa Abubakar, kisha kwa Umar, kisha kwa bintiye Bibi Hafsa.

Katika zama za Sayyidna Uthman, Hudhaifa bin Al-Yaman alirejea kutoka Armenia na Azerbaijan na khabari ya kutisha: watu wa Sham na wa Iraq wanakhitalifiana katika kisomo. Uthman akaziazima sahifa za Bibi Hafsa kwa ahadi ya kuzirejesha, na akazirejesha. Akawaweka watu wanne: Zaid, na Makureshi watatu, nao ni Abdullahi bin Zubair, Said bin Al-As na Abdurrahman bin Al-Harith. Kila mmoja alipewa lile analoliweza: Said, mfasaha wa ulimi, awe mwenye kusoma, na Zaid, hodari wa khati, awe mwenye kuandika. Wakikhitalifiana na Zaid, iandikwe kwa lugha ya Kikureshi. Walikhitalifiana katika neno Tabut: Zaid akitaka liishie kwa he, wenziwe kwa te. Likapelekwa kwa Uthman, akahukumu te. Zaid, aliyeijua kazi ile kabla yao wote, akaandika te.

Misahafu ikapelekwa Makka, Sham, Basra na Kufa, mwingine ukabaki Madina, na maandishi mengineyo yakachomwa. Haikupita bila ya uchungu. Abdullahi bin Mas'ud, aliyesilimu Makka Zaid angali mdogo, alikuwa Kufa, na lilimwia zito kuachwa nje. Uchungu wake hauna ajabu kwa mtu wa daraja yake. Lakini yeye alikuwa mbali, na aliyeifanya kazi ya kwanza alikuwapo.

Zaid alikuwa bingwa wa faraidhi pia, na Imamu Shafi'i ameifuata kauli yake katika mgawanyo wa mirathi. Umar alipokwenda Hija alikuwa akimwachia Madina. Alifariki humo mwaka 45 Hijria (665) kwa kauli ya wengi, akasaliwa na Marwan, liwali wa mji.