Alfred Wilm, Mjerumani aliyeifanya alumini iwe ngumu

Jina la Alfred Wilm halisikiki Korogwe wala Handeni, ila alumini yake ilifungwa safari ya kuja nchi hii. Novemba 1917 ndege-puto L59 ilikuwa ikipelekea risasi na dawa jeshi la Lettow-Vorbeck, lililofukuzwa miji hiyo Juni 1916. Iligeuzia Sudan.

Mifupa yake ilikuwa ya duralumini. Mwaka 1906 Wilm, mzaliwa wa 1869, aliona alumini yenye shaba kidogo na magnesi, ikipashwa moto na kupozwa ghafla, inazidi ugumu yenyewe ikikaa siku chache tu. Tatizo: ukiichomelea, moto unaua ugumu huo na inapasuka; shaba nayo inaikaribisha kutu. Basi mafundi wakaiunga kwa riveti.

Mwaka 1919 Wilm aliacha maabara, akawa mkulima. Alifariki 1937.