Onesimus, mutumwa Muafrika aliyeonyesha Boston namna ya kujikinga na ndui

Wakati ekipe za Riposti zilianza kutoa vaksini ya Ebola kule Mangina na Beni mu mwezi wa 8, 2018, kisha zikafika Butembo na mu vijiji vya Lubero, watu wengi walikuwa na jibu moja: hiyo ni kitu ya wazungu. Kutoka ku soko ya Butembo mpaka ku milima ya Kipese, neno hilo lilisikika sana. Lakini karibu miaka 300 mbele ya pale, mu muji wa Boston, Marekani, wazungu wenyewe walikataa kinga ya ndui kwa sababu ya kinyume kabisa. Walisema ni kitu ya Waafrika. Na kweli, mutu aliyeileta pale alikuwa mutumwa kutoka Afrika.

Jina lake la kuzaliwa halikuandikwa na mutu. Mu mwezi wa 12, 1706, waamini wa kanisa moja la Boston walichanga feza, wakanunua kijana mumoja Muafrika, wakamupatia pasta wao Cotton Mather kama zawadi, sawa vile watu wanapatia pasta mbuzi. Mather alimuita Onesimus. Ni yule Onesimo wa Biblia, mutumwa ambaye mutume Paulo alimurudisha kwa bwana wake Filemono. Pasta alijua vizuri ni jina gani anachagua.

Mather aliandika kwamba kijana huyo alikuwa Muguaramantee. Watu wengi wa historia wanafikiri ni jina la Coromantee, ni kusema watu wa pwani ya Ghana ya leo. Kwa nyumba ya pasta alifundishwa kusoma na kuandika. Alikuwa na ruhusa ya kufanya kazi fulani inje na kupata feza yake kidogo. Alioa, akazaa, na mutoto wake mwanaume akakufa mu mwaka wa 1714.

Kifo hakikukosa kwa nyumba ile. Mu mwaka wa 1713, surua iliua muke wa Mather na watoto wake watatu mu siku chache. Na ndui ilikuwa imepita Boston mu 1702. Kila mutu alijua itarudia, na wakati huo itakuta watoto wote waliozaliwa nyuma ya pale.

Watu wa Boston walikuwa wameona kitu kimoja: yule aliyepona ndui hapati tena. Kwa hiyo, mwenye kununua mutumwa alikuwa anauliza kama alikwisha kuipata. Mather naye alimuuliza Onesimus. Jibu lilimushangaza: ndiyo na hapana. Onesimus akamufasiria. Kwao, munganga anakamata maji ya kidonda cha mugonjwa wa ndui, anakata kidogo ngozi ya mutu muzima, anatia tone moja pale. Yule mutu anapata homa kidogo na vidonda vichache, anapona, na ndui haimupati tena mu maisha yake. Onesimus akakunja nguo na kumuonyesha kovu ku mukono.

Mather, ambaye hakukuwa mutu wa kuamini haraka maneno ya mutumwa, alienda kuuliza Waafrika wengine wa Boston, mumoja mumoja. Walikuwa wametoka mu sehemu mbalimbali, lakini walieleza kitu kilekile. Kisha akasoma mu vitabu vya wenye elimu wa London kwamba munganga mumoja wa Constantinople, Istanbul ya leo, ameona watu wa kule wanafanya vilevile. Mu mwezi wa 7, 1716, akaandika barua London, akasema kwamba kitambo mbele ya kusikia habari ya Constantinople, alikuwa amekwisha kuipata kwa mutumwa wake.

Ndui ilirudia mu mwezi wa 4, 1721, mu mashua iliyotoka visiwa vya Karibe. Boston ilikuwa na watu karibu 11 000. Mather aliandikia waganga wote wa muji awaombe wajaribu njia ya Waafrika. Mumoja tu alikubali: Zabdiel Boylston, munganga asiyekuwa na diplome ya univerisite. Tarehe 26 mwezi wa 6, alianza na watu watatu: mutoto wake mwenyewe wa miaka 6, mutumwa wake, na mutoto mudogo wa mutumwa huyo. Mutoto wa Boylston hakuwa na sauti mu maneno hayo. Wale wawili wengine hawakuwa nayo hata kidogo. Wote watatu walipona.

Muji ukawaka moto. Munganga William Douglass, aliyekuwa peke yake mu Boston na diplome ya univerisite, aliandika kwa ukali sana, akachekelea wale wanaosikiliza hadisi za watumwa Waafrika. Gazeti la muji likamuunga mukono. Mu mwezi wa 11, mutu alitupa bombe kupitia dirisha la nyumba ya Mather, mu chumba ambamo ndugu yake aliyetiwa kinga alikuwa analala. Haikulipuka.

Wale waliokuwa Butembo mu 2019 hawatashangaa. Mu mwezi wa 2 mwaka ule, vituo vya kutunza wagonjwa wa Ebola vya Katwa na Butembo vilishambuliwa mu siku chache, na tarehe 19 mwezi wa 4, munganga Mukameruni Richard Mouzoko akauawa kwa risasi ku Cliniques universitaires du Graben. Watu wa Beni na Butembo walikuwa na hasira zao zingine pia: mauaji ya miaka mingi, na uchaguzi wa mwezi wa 12, 2018 ambao kwao ulisogezwa mpaka mwezi wa 3, Ebola ikitajwa kati ya sababu. Kule Boston vilevile, wote waliokataa hawakuwa wapumbafu. Douglass alisema kweli moja: mutu aliyetiwa maji ya ndui alikuwa na ndui kabisa, hata kama ni kidogo, na aliweza kuambukiza jirani. Wengine walikufa nayo. Tena Mather alikuwa mutu aliyetetea tribinali za wachawi za Salem mu 1692. Ni nani angemuamini bila shida?

Kisha hesabu ikatoka. Watu 5 889 walipata ndui yenyewe mu Boston, 844 wakakufa. Ni karibu mutu mumoja mu saba. Boylston alitia kinga watu 242, wakakufa 6. Ni mumoja mu 40. Ilikuwa kati ya mara za kwanza munganga kulinganisha namna hiyo, kwa hesabu, wale waliopata kinga na wale wasioipata.

Hakuna mutu mu Boston, hata Onesimus, aliyeweza kusema kinachotokea mu mwili. Virusi havikujulikana bado. Leo inaelezwa hivi. Mutu anapovuta ndui kwa pumuzi, virusi vinaingia polepole na vinazaana karibu siku 12 mbele homa ianze. Wakati mwili unashituka, adui amejaa mu nyumba. Lakini tone moja lililowekwa ku ngozi iliyokatwa linakutana na walinzi palepale, maana ngozi imejaa walinzi. Wanakamata vipande vya virusi na kuvipeleka mu tezi, kama zile za kwapa. Ndiyo maana mutoto akipata shindano ya mukono, wakati fulani kwapa inavimba. Mule mu tezi kuna askari wa mwili wa namna nyingi sana, na kila kundi linajua sura moja tu ya adui. Lile linalotambua sura iliyoletwa linaanza kuzaana. Wamoja wanatengeneza kingamwili, ambazo zinajibandika ku virusi na kuvizuia kuingia mu seli. Wengine wanaua seli ambazo virusi vimekwisha kuingia. Homa na maumivu ni alama ya kazi hiyo. Kisha askari wengi wanakufa, lakini wachache wanabakia miaka mingi na kumbukumbu ya ile sura. Adui akirudia, hawatafuti tena.

Kazi hiyo inaomba siku, na hapa ndipo vaksini ya Ebola ilikutana na shida. Inahesabiwa kwamba kinga inakuwa ya kutegemewa siku 10 nyuma ya shindano. Ekipe za Riposti zilikuwa zinavaksini wale waliokuwa karibu na mugonjwa, na wale waliokuwa karibu na hao, na wamoja kati yao walikuwa wamekwisha kuambukizwa bila kujua. Mutu alipata shindano siku ya kwanza, siku ya tano akaanguka na Ebola. Jirani akaona shindano, akaona kifo, akaunganisha. Mbele ya macho ni ushuhuda wa nguvu, hata kama si kweli.

Vaksini yenyewe haina virusi vya Ebola ndani. Ilitengenezwa na virusi vingine, vya ngombe na farasi, vikavalishwa koti ya Ebola tu, ili askari wa mwili wajifunze ile koti. Ni njia ya mbali sana na ile ya Onesimus, ambayo ilitia ugonjwa wenyewe. Daraja kati ya zile mbili ni Mungereza Edward Jenner, ambaye mu 1796 alikamata maji ya kidonda cha ugonjwa wa ngombe pahali pa ndui ya watu. Yeye mwenyewe, akiwa mutoto, alikuwa ametiwa kinga ya namna ile ya zamani. Mutu wa mwisho kupata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mupishi wa hopitali ya Merca, Somalia, mu 1977. Alipona. Kwa upande wa Ebola ya Beni na Butembo, watu zaidi ya 300 000 walipata vaksini mbele ugonjwa utangazwe umeisha tarehe 25 mwezi wa 6, 2020. Watu 2 287 walikuwa wamekufa. Na ile akili ambayo Boston ilikuwa nayo kuhusu mutu aliyepona ilitumika huku pia: washindi wa Ebola ndio walibeba watoto wadogo ku krèche za vituo, kwa sababu wao walikuwa na kinga.

Boylston alienda London, na mu 1726 akapokelewa mu kundi la wenye elimu wa mufalme. Onesimus, wakati Boston inagombana juu ya maneno yake, hakukuwa tena kwa nyumba ya Mather. Mu 1716, mwaka uleule wa barua ya London, alikuwa ametoa feza aliyokusanya ili pasta anunue mutumwa mwingine wa kijana pahali pake. Mather alisaini karatasi ya kumuachilia, lakini na masharti. Jamaa ya pasta ikimuita, Onesimus alipaswa kuja kuondoa teluji, kupanga kuni, kuchota maji na kupeleka mahindi ku kinu.