Yustino Mfiadini Mbele ya Wasioamini

Kila tarehe 1 Juni Kanisa hufanya kumbukumbu ya Mtakatifu Yustino, Mfiadini. Wazee waliozoea kalenda ya kale watakumbuka kwamba kabla ya marekebisho ya mwaka 1969 sikukuu yake iliangukia tarehe 14 Aprili. Akina Yustino hawakosekani katika parokia zetu, nao hubatizwa kwa jina hilo kila mwaka. Lakini twadhani ni wachache kati yao, na kati ya wazazi waliowachagulia jina, wanaojua huyo msimamizi wao alifanya kazi gani. Hakuwa askofu, hakuwa padre, wala hakuanzisha utawa. Alikuwa mlei, mwalimu wa falsafa, na kazi yake ilikuwa kuwaeleza wasio Wakristu Ukristu ni kitu gani. Kwa kazi hiyo alikatwa kichwa.

Alizaliwa karibu na mwaka 100 katika mji wa Flavia Neapolis nchini Samaria, mji ambao leo huitwa Nablus, si mbali na kisima cha Yakobo ambapo Bwana wetu aliongea na mwanamke Msamaria. Baba yake aliitwa Priscus. Jamaa zake walikuwa wapagani. Walikaa katika nchi ya Manabii wala hawakuwajua Manabii. Naye tangu ujana wake alikuwa na kiu moja tu, yaani kumjua Mungu, na kwa kuwa alisikia kwamba wanafalsafa ndio wenye habari za Mungu, akawaendea wanafalsafa.

Habari za safari hiyo alizieleza mwenyewe baadaye, na sehemu nyingine yaweza kumchekesha msomaji. Mwalimu wa kwanza alikuwa Mstoiki. Yustino akakaa kwake muda mrefu, akaona hajifunzi neno lolote juu ya Mungu. Mwalimu mwenyewe alidhani elimu hiyo haina haja. Akamwacha. Wa pili alikuwa mfuasi wa Aristotle, mtu aliyejiona mwerevu mno, na baada ya siku chache akataka kwanza wapatane juu ya ada. Yustino akaona mtu huyo si mwanafalsafa hata kidogo. Wa tatu, mfuasi wa Pythagoras, alimwuliza kama amejifunza muziki, elimu ya nyota na jiometria. Aliposikia kwamba hajui, akamfukuza. Hatimaye akafika kwa wafuasi wa Plato. Hapo moyo wake ukapata mabawa, akatumaini kwamba muda si mrefu atamwona Mungu waziwazi.

Akiwa katika tumaini hilo, siku moja alikwenda peke yake mahali pa faragha karibu na bahari ili atafakari. Akageuka, akamwona mzee mmoja mwenye sura ya upole anamfuata nyuma. Wakaanza mazungumzo. Mzee hakumtolea hotuba. Alimwuliza maswali, moja baada ya jingine, juu ya roho ya mwanadamu na juu ya Mungu, mpaka kijana akaona kwamba Plato mwenyewe hakuwa na jibu. Ndipo mzee akamtajia Manabii, watu waliokuwa kabla ya wanafalsafa hao wote, ambao hawakubuni bali walishuhudia yale waliyoyaona na kuyasikia. Akamwambia aombe afunguliwe milango ya nuru, kisha akaenda zake. Yustino hakumwona tena. Jina la mzee yule halijulikani mpaka leo.

Kulikuwa na jambo jingine lililomvuta. Alipokuwa bado mfuasi wa Plato alisikia Wakristu wakisingiziwa maovu, lakini alipowatazama wakiuawa aliona hawaogopi kifo. Akafikiri moyoni: mtu mpenda anasa, mtu alaye nyama ya watu, angewezaje kukipokea kifo kwa furaha, ilhali kifo kingemnyang'anya yote ayapendayo? Basi akaamini, akabatizwa. Hakulivua joho la wanafalsafa. Aliendelea kulivaa hadi mwisho, kwa kuwa aliona kwamba sasa ndipo alipoipata falsafa ya kweli.

Huenda msomaji akastaajabu kusikia habari za kula nyama ya watu. Yampasa ajue jinsi Wakristu walivyosemwa katika Dola ya Roma wakati huo. Walishitakiwa mambo matatu. Kwanza, kwamba hawana Mungu, maana hawakuziinamia sanamu za miungu. Pili, kwamba wakikutana kwa siri huwala watu. Tatu, kwamba huzima taa na kufanya mambo ya aibu gizani, ndugu kwa ndugu. Uvumi huo haukutoka hewani tu. Watu walisikia juu ya Mwili na Damu, walisikia Wakristu wakiitana kaka na dada na kupeana busu la amani, wakaongeza chumvi. Asiyealikwa ndani hujaza mwenyewe kile asichokiona.

Yustino alifika Roma, akapanga juu ya hamamu ya watu wote, akafungua shule humo. Kila aliyetaka kuja alikaribishwa. Huko, karibu na mwaka 155, aliandika utetezi wa Wakristu akauelekeza kwa Kaisari Antoninus Pius mwenyewe, na kwa wanawe wa kulea, Marcus Aurelius na Lucius Verus, na kwa Baraza la Wazee na watu wote wa Roma. Hakuomba huruma. Alitaka Wakristu wapelelezwe matendo yao, na mwenye kosa aadhibiwe kama mkosaji mwingine yeyote. Ila kumwua mtu kwa sababu ya jina tu, alisema, si haki hata mbele ya akili ya wapagani.

Kisha akafanya jambo tunalotaka msomaji alitazame vizuri. Alimfungulia Kaisari mlango wa mkutano wa Wakristu. Akaeleza ubatizo: jinsi wale wanaoamini wanavyofunga na kusali, na Wakristu wenzao wakifunga pamoja nao, halafu wanapelekwa penye maji na kuzaliwa upya. Akaeleza siku ya Jua, yaani Jumapili, jinsi wakaao mjini na wakaao shamba wanavyokusanyika mahali pamoja; jinsi yanavyosomwa maandiko ya Mitume au ya Manabii kadiri nafasi inavyoruhusu; jinsi kiongozi wa mkutano anavyowaonya watu wayafuate hayo mema waliyoyasikia. Halafu wote husimama na kusali. Huletwa mkate, na divai na maji. Kiongozi hutoa shukrani kwa nguvu zake zote, na watu huitikia Amina. Hapo Yustino akakumbuka kwamba Kaisari hajui Kiebrania, akamfasiria neno hilo maana yake. Mashemasi huwagawia waliopo, na wasiokuwapo hupelekewa nyumbani. Wenye mali hutoa kila mtu apendavyo, na sadaka huwekwa kwa kiongozi, ambaye huwatunza yatima na wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni.

Mkatoliki yeyote asomaye maneno hayo ataitambua Misa yake ya Jumapili iliyopita. Ndiyo maana Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992, ilipotaka kuonyesha utaratibu wa Misa tangu zamani, ilikwenda kumchukua Yustino. Twasoma habari za Misa ya karne ya pili kwa sababu mtu mmoja alimwandikia mpagani.

Lakini tulilotaka kusema hasa ni hili. Yustino alikuwa anawatetea watu wanaosingiziwa kwamba hula nyama ya mwanadamu. Alipofika kwenye mkate na divai, je, isingekuwa rahisi kusema kwamba huo ni mkate tu na ile ni divai tu, karamu ya ukumbusho, na kuishia hapo? Neno hilo lingewaokoa wengi. Hakulisema. Alimwandikia Kaisari kwamba hawaupokei kama mkate wa kawaida wala kinywaji cha kawaida, bali wamefundishwa kwamba chakula hicho kilichoombewa sala ya shukrani ni Mwili na Damu ya Yesu aliyefanyika mtu. Aliliweka fundisho gumu kuliko yote mbele ya macho ya hakimu, kwa maneno ya wazi, pale pale ambapo lingeweza kudhuru. Katika karne zilizofuata sehemu nyingi za Kanisa ziliwaficha wasiobatizwa mafumbo ya altare, nazo zilikuwa na sababu zake. Yustino aliona kwamba kinachofichwa ndicho kinachosingiziwa.

Wala hakuwadharau wale aliowaeleza. Alifundisha kwamba Neno wa Mungu alipanda mbegu zake kwa watu wote, na kwamba Sokrates na wengine walioishi kwa kuifuata akili njema walikuwa na sehemu ya nuru ile ambayo katika Kristu imekuja yote. Kwa hiyo aliweza kumwambia mpagani: hili jema ulilo nalo tayari, latoka kwake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulizikumbuka mbegu hizo za Neno katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya kazi za kimisionari.

Tusimfanye malaika. Maandiko yake yanazungukazunguka, huacha jambo katikati na kulirudia mbele. Alidai kwamba Plato alichota elimu yake kwa Musa, jambo ambalo wataalamu hawalikubali. Tena alimwambia Kaisari kwamba Warumi wamemsimamishia Simoni Mchawi sanamu katika kisiwa cha mto Tiber. Mwaka 1574 jiwe la sanamu lilifukuliwa kisiwani humo, likaonekana kuwa la Semo Sancus, mungu wa kale wa watu wa huko. Mgeni kutoka Samaria alisoma herufi vibaya. Kosa dogo, lakini twaweza kuwaza jinsi Mrumi mwenye elimu alivyotabasamu alipofika hapo.

Aliandika pia kitabu cha majadiliano yake na Trypho, Myahudi aliyekimbia vita vya Palestina. Trypho alimwendea kwa sababu aliliona joho la mwanafalsafa. Walishindana kwa Maandiko siku mbili nzima, wakati mwingine kwa maneno makali ambayo leo tusingependa kuyarudia. Mwishoni Trypho hakuwa Mkristu. Alishukuru kwa mazungumzo, akamtakia Yustino safari njema ya baharini, na Yustino akamwombea. Kitabu kinaishia hapo, na mwandishi hakuona haya kutuonyesha kwamba hakumshinda mwenzake.

Huko Roma hatari ilikuwa inakaribia. Mwanamke mmoja aliyekuwa na maisha mabaya pamoja na mumewe aliongoka, akajitahidi kumwonya mumewe, na aliposhindwa akamwacha. Mume akamshitaki kuwa Mkristu. Mwanamke akaomba muda kwa Kaisari, akapewa. Basi mume akamgeukia Ptolemaeus, aliyekuwa amemfundisha dini. Mkuu wa mji, Urbicus, alimwuliza Ptolemaeus swali moja tu, kama ni Mkristu. Akakiri, akahukumiwa kufa. Mtu mmoja aitwaye Lucius aliyekuwa akisikiliza akapaza sauti kuuliza ni kosa gani limehukumiwa hapo. Naye akaulizwa swali lile lile, akapelekwa kuuawa, na wa tatu baada yake. Yustino aliposikia akaandika utetezi wa pili. Humo alisema kwamba yeye naye anangojea kutegewa, labda na Crescens, mwanafalsafa aliyewatukana Wakristu hadharani pasipo kuyajua mafundisho yao, na ambaye Yustino alimwaibisha mbele za watu.

Karibu na mwaka 165, Marcus Aurelius akiwa Kaisari, Yustino alikamatwa pamoja na wengine sita: Chariton, mwanamke aitwaye Charito, Euelpistus, Hierax, Paeon na Liberianus. Hakimu alikuwa Junius Rusticus, mkuu wa mji. Mtu huyu hakuwa mjinga wala katili wa kawaida. Alikuwa Mstoiki mwenye sifa, mwalimu wa Kaisari mwenyewe. Yustino aliyeianza safari yake miguuni pa Mstoiki alikuja kuimaliza mbele ya Mstoiki.

Rusticus alimwuliza anafuata elimu gani. Yustino akajibu kwamba alijaribu zote, mwisho akaikubali hii ya Wakristu, ijapokuwa wengine hawaipendi. Akamweleza kwa ufupi juu ya Mungu mmoja Mwumba na Yesu Kristu Mwanawe. Aliulizwa wanakutania wapi. Akajibu kwamba Mungu hafungwi mahali. Yeye anakaa juu ya hamamu, na kila aliyemjia alimpa maneno ya kweli. Hakimu akawageukia wengine, akataka kujua kama ni Yustino aliyewafanya Wakristu. Paeon akasema wamepokea imani kwa wazazi wao. Euelpistus, mtumwa wa nyumba ya Kaisari kutoka Kapadokia, alisema kwamba alimsikiliza Yustino kwa furaha, lakini Ukristu aliupata nyumbani kwa baba na mama.

Rusticus akamwuliza Yustino kama anadhani kweli kwamba akipigwa na kukatwa kichwa atapanda mbinguni kupokea thawabu. Akamjibu kwamba hadhani, bali anajua. Wakaamriwa watoe sadaka kwa miungu. Wote saba wakakataa. Wakapigwa mijeledi, wakapelekwa mahali pa kuuawa, wakakatwa vichwa. Waamini wengine waliichukua miili yao kwa siri, wakaizika mahali pa heshima.